Dampo, Msukule na Faradhi: Kusoma Nyaraka za Kompyuta

(Mhadhara kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa TEHAMA, Tanga)

Walimu wangu, shikamooni. Wadogo zangu, hamjambo. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuelewa maneno magumu ya Kiingereza katika nyaraka za kompyuta, na nitawavunja moyo mapema: maneno magumu siyaogopi sana. Ukikutana na "idempotent" unajua papo hapo kwamba hujui. Utasimama, utatafuta, utauliza. Mimi lililonitia hasara ni neno ambalo hata konda wa daladala analijua.

Nilikuwa na miezi minne kazini. Ofisi siitaji. Seva ilikuwa moja, chini ya meza, imeelekezewa feni. Fundi aliyenitangulia aliacha karatasi nne zilizobanwa pini, maelekezo yote kwa Kiingereza. Karatasi ya pili, mstari wa juu kabisa, aliandika: "Dump the database every night." Sasa mimi nimekulia Dar. Dampo nalijua. Dampo ni Pugu Kinyamwezi, kule malori ya taka yanakokwenda. Nikajiuliza, huyu bwana alikuwa mzima? Kanzidata ya wateja wote niitupe kila usiku? Nikajitungia maelezo mwenyewe: pengine zamani ilikuwa ya majaribio, wakawa wanaifuta na kuanza upya. Nikachukua kalamu nyekundu nikaufuta ule mstari. Nilijiona mwangalifu kweli.

Wiki ya tatu diski ikaanza kutoa mlio, kri-kri, kri-kri, halafu ikanyamaza. Bosi akaja, akaniuliza kwa upole, na upole wa bosi mnaujua: "Bekapu ya jana iko wapi?" Siku 11 tulikaa na maboksi ya risiti, watu sita, tukiingiza namba moja moja kwa mkono.

Ule mstari nilioufuta ndio uliokuwa ukiagiza bekapu. "Dump" ya mafundi ina historia yake. Kuna enzi ambapo kumbukumbu ya kompyuta ilikuwa vipete vidogo vya sumaku vilivyofumwa kwenye nyaya, kipete kimoja biti moja. Kwa Kiingereza viliitwa "core". Programu ikianguka, mafundi waliiamuru mashine imwage kwenye karatasi kila kilichomo ndani, tarakimu kwa tarakimu, kisha wakakaa chini kusaka kosa. Ndiyo hiyo "core dump" mnayoiona hadi leo, ingawa vipete vyenyewe vimeshahamia makumbusho. Basi anayemwaga hapa ni tipa la mchanga saiti. Mchanga haumwagwi kwa sababu hautakiwi. Unamwagwa ili mafundi waupate. Tena hili ni tipa la ajabu, maana likishamwaga, mzigo wake bado umejaa vilevile. Amri ya mysqldump, kwa mfano, inayotumika kwenye programu ya kanzidata iitwayo MySQL, haigusi kitu ndani ya kanzidata. Inakuandikia faili la maandishi matupu lenye amri za kuijenga upya kanzidata nzima, jedwali kwa jedwali, safu kwa safu. Lifungue siku moja ulisome kwa macho. Mimi ningelifungua mara moja tu, maboksi yale nisingeyajua.

Na kinyume chake kipo. "Truncate". Kamusi itakwambia: kufupisha, kupunguza ncha. Neno la kinyozi kabisa. Mwenzangu mmoja alikuwa na jedwali la kumbukumbu za matukio lililonenepa, akataka alipunguze kidogo, akaandika TRUNCATE TABLE, akabonyeza. Jedwali likabaki jina na vichwa vya safu. Data yote imekwenda. Kwenye PostgreSQL, nayo ni programu ya kanzidata, kama ungekuwa ndani ya muamala, yaani fungu la amri ambalo hujalithibitisha, ungeweza kurudi nyuma. Kwenye MySQL na Oracle, ukishabonyeza ndiyo hivyo.

Kwa hiyo neno la kutisha halikuwa na madhara, na neno pole ndilo lililoua. Tangu hapo kila kitenzi ninachokikuta kwenye nyaraka nakiuliza swali moja kabla ya kukimbilia kamusi: wewe ukishafanya kazi yako, nini kinabaki? Jibu huwa lipo kwenye waraka wenyewe, mara nyingi aya mbili chini, mahali ambapo hatufiki kwa sababu tulishadhani tumeelewa.

Nikupeni kingine, na hiki mtakipenda. Kwenye mfumo endeshi wa Linux mkiorodhesha programu zinazoendesha kazi kwa amri ya ps, mara moja moja mtaona mstari wenye herufi Z na pembeni yake "defunct". Hiyo Z ni "zombie". Sisi tunalo neno tayari, tena lenye uzito: msukule. Nimesikia hata mwalimu mmoja akilitumia darasani. Ni tafsiri tamu, na ni mbovu. Msukule kwa tunavyosimuliwa anafanya nini? Analima. Usiku kucha yuko shambani kwa mchawi. Mwanafunzi akiambiwa msukule, anafikiri kuna kitu kinatumikishwa kwa siri, kinakula nguvu ya kompyuta, kikamatwe kiuawe. Anaandika kill -9. Hakitoki. Anaandika tena. Hakitoki. Anawasha mashine upya, na wateja mia wanakatika.

Zombie wa Unix, ukoo wa mifumo kama Linux, halimi. Amekufa, amekufa kabisa. Kilichobaki ni mstari mmoja kwenye daftari la kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, unaosema fulani amefariki, na sababu ya kifo ni hii. Mstari huo unamsubiri mzazi wake, yaani programu iliyomzaa, aje asome. Ni maiti aliyeko mochwari ambaye ndugu hawajaja kusaini karatasi. Utamuuaje mara ya pili? Dawa iko kwa mzazi: kwa nini haji? Mara nyingi mwandishi wa programu ile alisahau kumwandikia amri ya kusubiri wanawe. Na mzazi akifa, watoto wanalelewa na programu namba 1, mama wa wote, ambaye kazi yake mojawapo ni kusaini karatasi za mayatima.

Hiyo "kill" yenyewe nayo si ya kuamini kwa jina lake. Inatuma ishara tu. Usipotaja namba inatuma ya 15, ambayo ni ombi: tafadhali maliza shughuli zako uondoke. Programu inaweza kufunga mafaili yake vizuri, inaweza hata kukataa. Namba 9 ndiyo isiyokatalika. Na kuna programu ambazo ukizipelekea ishara namba 1 hazifi wala haziugui, zinasoma upya faili la mipangilio na kuendelea. Kill inayofufua! Watu waliozoea kutumia 9 kwa kila kitu nawafananisha na anayemwamsha mgeni kwa ndoo ya maji.

Tuje kwenye nyaraka nzito zaidi, zile zinazoeleza intaneti inavyofanya kazi, ziitwazo RFC. Humo kuna maneno matatu ya darasa la sita: "must", "should" na "may". Kila mmoja wetu anayajua, na ndiyo shida. Machi 1997 Scott Bradner wa Harvard aliandika waraka wa kurasa 3, RFC 2119, usio na kazi nyingine ila kueleza maneno hayo na ndugu zao yana maana gani. Kanuni za leo za barua pepe, tovuti na simu za intaneti zimeandikwa kwa kuegemea kurasa tatu zile.

Nilipozisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu, maana niliona kitu nilichofundishwa chuoni nikiwa na miaka tisa, nimekaa kwenye jamvi na kiboko cha maalimu kiko karibu. Wangapi humu mmepita chuoni? Naam. Hukumu ni ngapi? Tano. Faradhi, sunna, mubaha, makuruhu, haramu. Sasa zipangeni. "Must" ni faradhi. "Should" ni sunna. "May" ni mubaha, ukifanya sawa, usipofanya sawa. "Should not" ni makuruhu, "must not" ni haramu. Wenzangu mliosomea kipaimara mtanisamehe, muulizeni jirani yako hapo.

Lakini fananisho lolote lina mahali linapochanika, na hili linachanika kwenye sunna. Ukiacha sunna huna dhambi, umekosa thawabu tu. "Should" ya Bradner ni kali kuliko hapo. Anasema unaweza kuwa na sababu ya haki ya kuliacha jambo, ila uwe umeelewa athari zake zote na kuzipima kwanza. Yaani kuacha kunaruhusiwa kwa mwenye elimu. Asiyejua kwa nini anaacha, hana ruhusa. Nimepitia kazi nyingi za vijana, na hapa ndipo wanapoangukia wengi. Wanatekeleza kila "must", wanaruka kila "should", halafu programu yao inafanya kazi vizuri sana, kwenye kompyuta yao.

Jambo dogo la kuongezea: mwaka 2017 ulitoka waraka mwingine, RFC 8174, kukata ubishi uliodumu miaka 20. Maneno yale yana maana ile maalumu yakiandikwa kwa herufi kubwa tupu. "Should" ya herufi ndogo ni Kiingereza cha kawaida cha mtaani. Mtu akikwambia kusoma ni kusoma tu, mwonyeshe hilo.

Hapohapo kwenye makuruhu ndipo mahali pake "deprecated", neno ambalo naulizwa kila wiki. Wengi wanalisoma kuwa "imeondolewa", wanafadhaika, wanabomoa kazi nzima usiku mmoja. Wengine wanalichanganya na lile la wahasibu la uchakavu, wanadhani kitu kimezeeka kwa hiyo kitakuwa kinakwenda polepole. La. Kipo, kinafanya kazi leo, ila wenyewe wamekichukia na wanakusihi uhame kabla hawajakifunga. Muda wa kuhama unatofautiana mno. Katika Java, lugha ya kuandikia programu, kuna njia ya kusimamisha kwa nguvu uzi mmoja wa kazi ndani ya programu, Thread.stop, iliyotangazwa makuruhu mwaka 1998. Imekaa hivyo hadi 2023, Java 20, ndipo ukiita inakukatalia. Miaka 25! Kwa hiyo ukiona neno hilo, kwanza tulia, kisha tafuta sentensi inayofuata. Karibu kila mara inaanza na "use" na inakutajia mbadala.

Nilianza na "idempotent", nisiwaache nalo. Ni la wanahisabati, lilitungwa na Benjamin Peirce mwaka 1870 kwa Kilatini, "idem" ni ileile na "potens" ni yenye nguvu. Nikikwambia "zima taa", ukaenda ukaikuta imezimwa, hakuna kinachoharibika. Niseme mara kumi, taa itabaki imezimwa. Nikikwambia "bonyeza swichi", mara ya pili umeiwasha. Ya kwanza ndiyo idempotent. Sasa fikiria umemtumia mama elfu hamsini kwa simu, mtandao umekatika kabla jibu halijarudi. Unatuma tena au hutumi? Aliyeandika mfumo akiwa alielewa neno hili, kila ombi lina namba yake, na ombi lileile likifika mara mbili linahesabiwa moja. Kama hakuelewa, mama anapata laki na wewe unalala njaa.

Mwalimu pale mbele ameniuliza kabla hatujaanza: je, tusitafsiri tu yote, tuondokane na adha? Napenda tafsiri, na zipo zilizopata kuliko asili. Zile taarifa ambazo tovuti inaziacha kwenye simu yako, Kiingereza kinaziita "cookie", biskuti, jina ambalo halikuelezi chochote. Kiswahili kimeziita vidakuzi, na mwenye kujua mdakuzi ni mtu wa namna gani ameshaelewa nusu ya somo. Lakini mmeona msukule alivyotupoteza. Neno zuri la Kiswahili likikaa juu ya dhana usiyoichunguza, litakudanganya kwa sauti ya nyumbani, na uongo wa nyumbani hauushuku. Mimi huandika daftari. Kushoto neno, kulia sentensi moja ya Kiswahili inayosema nini kinatokea, na chini yake jaribio nililofanya kwenye mashine isiyo na data ya mtu. Neno ambalo sijalifanyia jaribio naliwekea alama ya kuuliza. Nina daftari la tatu sasa, na alama za kuuliza bado ni nyingi.

Kuna kijana kule nyuma mkono umechoka. Sema, mdogo wangu.

Anasema ameandika programu ya Python inayotoa majina yote ya darasa, akaiunganisha na amri ya head apate matano ya kwanza. Majina matano yametoka vizuri, chini yake ikaja "Broken pipe", yaani bomba limevunjika, na amekesha anatafuta kilichovunjika.

Kaa, pole sana. Hakuna kilichovunjika. Head alikinga ndoo zake tano, akafunga, akaenda zake. Programu yako haikujua, imeendelea kufungulia bomba, na kerneli ikaipigia kelele: unamwaga, huku mwisho hakuna mtu. Majina yako matano si uliyapata? Basi. Leta laptopu hapa mbele tuirudie, tuondoe hiyo head, wenzako waone ujumbe ule kama utatoka tena.