Pampu Kwanza, Gari Baadaye: Magari ya Kale ya Zimamoto New York

ZUHURA: Karibuni. Leo ni magari ya kale ya Idara ya Zimamoto ya New York. Mbaraka amekuja na ubishi wake.

MBARAKA: Watu huangalia rangi nyekundu na kengele. Mimi naangalia pampu. Farasi wa mwisho wa idara walitoka kazini Brooklyn, humo humo New York, tarehe 20 Desemba 1922, lakini pampu za mvuke walizokuwa wakizivuta hazikutupwa.

ZUHURA: Zikavutwa na nini?

MBARAKA: Na trekta za Christie. Unang'oa ekseli ya mbele ya pampu, unafunga kichwa chenye magurudumu mawili tu, injini imelazwa kwa upana, nguvu inakwenda mbele. Pampu ilikuwa ghali na bado nzima. Kilichochoka ni farasi.

ZUHURA: Na moto wa boila unawashwa njiani?

MBARAKA: Ndiyo, ila maji yalikuwa moto tayari. Kituoni boila iliunganishwa na hita kwa mabomba. Gari likiondoka, kiungo kinaachia chenyewe. Bila hita unafika kwenye moto halafu unakaa kusubiri mvuke.

ZUHURA: Haya, njoo kwenye lile tufe la kung'aa mbele ya Ahrens-Fox, gari la zimamoto la kale. Wengi hudhani ni pambo.

MBARAKA: Pambo! Ile ni pampu ya pistoni, imekaa mbele ya rejeta. Pistoni husukuma maji kwa mapigo, na kila pigo linautikisa mpira wa maji na aliyeushika. Ndani ya tufe kuna hewa. Pistoni ikisukuma, hewa inabanwa. Pistoni ikirudi, hewa inatanuka na kusukuma maji. Mkondo unatoka laini.

ZUHURA: Inaharibikaje?

MBARAKA: Hewa huyeyuka kidogo kidogo kwenye maji, tufe likajaa maji. Sindano ya geji, kipimo cha shinikizo, inaanza kucheza, mpira unarukaruka. Mtu asiyejua atafungua vali za pampu kutafuta ubovu, kumbe dawa ni kusimamisha pampu, kumwaga maji ya tufe na kuruhusu hewa iingie.

ZUHURA: Pampu za impela, zile za gurudumu linalozunguka na kurusha maji, hazina shida hiyo.

MBARAKA: Zina zake. Pistoni hujivutia maji yenyewe kutoka mtoni. Impela haiwezi kunyonya hewa, lazima kifaa kingine kiiondoe kwanza. Na ukifunga maji yote huku inazunguka, maji yaleyale yanakorogwa humo hadi yanachemka. Lakini ukitaka maji mengi kweli, impela haina mpinzani.

ZUHURA: Basi tuseme Super Pumper, ile pampu kubwa ya New York.

MBARAKA: 1965, ya kampuni ya magari ya Mack. Aliyeubuni mfumo ni William Francis Gibbs, mbunifu wa meli, ndiye wa SS United States. Juu ya trela akaweka injini ya Napier Deltic, ya aina iliyotumika kwenye boti za kijeshi za Uingereza: silinda 18, pistoni 36, krenki tatu, nguvu za farasi 2,400.

ZUHURA: Pistoni mbili kila silinda.

MBARAKA: Zinaelekeana, na silinda zimepangwa pembetatu. Pampu ilitoa galoni 8,800 kwa dakika kwa shinikizo la psi 350, yaani pauni kwa inchi ya mraba. Hizo galoni ni karibu lita 33,300. Ukipandisha hadi psi 700, maji yanashuka nusu, 4,400.

ZUHURA: Na psi 700 mpira wa kawaida hauwezi.

MBARAKA: Unapasuka. Ndiyo maana ilitaka mpira wake maalumu wa inchi 4.5, ukibebwa na magari mengine ya mfumo huo: Super Tender moja na Satellite tatu. Na kule mwisho maji yalipitia mzinga wa maji, bomba kubwa la kurushia, uliofungwa kwenye gari; hakuna mikono ya kuzuia msukumo ule.

ZUHURA: Ikastaafu 1982.

MBARAKA: Deltic ilitaka mafundi wake na vipuri vyake, kwa gari moja tu mji mzima. Mahali pake zikaja pampu za kawaida za galoni 2,000, kila moja ikitoka na gari la mipira mikubwa. Hayo ya mipira bado yanaitwa Satellite.