Kupima mwitikio wa shina la ubongo: bana mrija kabla ya kuamini mawimbi

Haya, karibuni. Mtoto ameshanyonya, amelala, kwa hiyo twende haraka: tunampigia milio sikioni na kupima umeme ambao neva ya kusikia na shina la ubongo hutoa kuijibu. Elektrodi: moja juu ya paji la uso, moja nyuma ya kila sikio, ya ardhi shavuni. Ukinzani usizidi kiloomu 5, tofauti kati yao isizidi 2. Ngojeni, ya kushoto inasoma 9. Nasugua tena kwa jeli… 3. Safi.

Mlio ni wa maikrosekunde 100, mara 21.1 kwa sekunde. Msiweke 25! Umeme wetu ni wa hezi 50. Kila mlio utaangukia palepale kwenye wimbi la umeme, na hata ukikusanya miitikio 2,000 mngurumo hautafutika. Tunachotafuta hakifiki hata maikrovolti 1.

Desibeli 80. Wimbi la kwanza linatoka kwenye neva ya kusikia, la tatu hasa kwenye kiini cha koklea (kundi la seli shinani, si koklea yenyewe, ile konokono ya sikio la ndani), la tano juu zaidi shinani. Kwa mtu mzima la tano hufika karibu milisekunde 5.6, kwa kichanga ni karibu 7, maana myelini, ala inayofunika neva, haijakomaa. Nashusha: 60, 40. Mnaona la tano linavyosogea kulia na kufifia? Sauti ikififia, seli huchelewa kufyatua. Nikiongeza kasi hadi 61.1 linachelewa pia, kwa kuwa seli hazipati muda wa kupumzika.

Sasa tulieni hapa. Pima kwa mlio unaoanza kwa kuvuta hewa, kisha unaoanza kwa kusukuma. Usitumie wa kupokezana peke yake, yaani unaobadilishana kuvuta na kusukuma, kwani unafuta ushahidi. Mawimbi yakipinduka juu chini, hayo si ya shina la ubongo. Ama ni seli za vinyweleo ndani ya koklea, ama ni umeme wa spika. Utajuaje? Bana kwa kibanio mrija wa sauti, ule unaopeleka sauti kutoka kwenye spika hadi sikioni. Yakipotea, ni ya koklea. Yakibaki, ni ya spika. Bana mrija, usichomoe waya wa spika! Ukichomoa vyote viwili vinapotea na hujajua lolote. Narudia: mrija, si waya.

Koklea ikijibu na wimbi la tano halipo, huenda neva hazifyatui kwa pamoja. Hapo usikadirie kiwango cha usikivu kwa grafu hii, wala usiitumie kupanga nguvu ya kifaa cha kusikia.

Ah, anajinyoosha, mstari umejaa umeme wa misuli. Nasimamisha kukusanya, akitulia tunahamia sikio la kulia.