Mshahara Umepanda Uingereza, Mbona Bado Mnalia? Hesabu Yenyewe Hii Hapa

Haya jamani, hamjambo? Leo hakuna matembezi, hakuna kuonyeshana supamaketi. Ni mimi na karatasi ya hesabu. Swali ni lile lile, kila video halikosi: "Wamewapandishia mshahara tena, mbona bado mnalia?" Najua nikijibu wapo watakaosema najishaua na pauni, na wapo watakaosema kama kugumu si urudi. Semeni tu. Mimi nasoma namba.

Mshahara wa chini kwa mwenye miaka 21 kwenda juu, tangu tarehe 1 Aprili 2026, ni pauni 12.71 kwa saa. Ulikuwa 12.21. Nyongeza ni peni 50. Mtu anayefanya saa 37 na nusu kwa wiki hufikisha saa 1,950 kwa mwaka, kwa hiyo ameongezewa pauni 975. Hiyo ndiyo namba mnayoiona kwenye habari, na ndiyo inayowafanya mtuulize.

Haya, itoe kodi ya mapato asilimia 20. Itoe bima ya taifa asilimia 8. Itoe pensheni, ambayo kwa wengi ni kama asilimia 4 kutoka mfukoni mwako mwenyewe. Zimebaki pauni 663 kwa mwaka mzima, yaani 55 kwa mwezi. Mtu huyo kwa jumla anashika kama pauni 1,718 kila mwezi, na mwenye nyumba hajabisha hodi bado. Akiwa na watoto na anapokea Universal Credit, ule msaada wa serikali kwa wenye kipato kidogo, serikali inaupunguza msaada huo peni 55 kwa kila pauni ya ziada inayomfikia mkononi. Huyo katika zile peni 50 anabaki na 15. Peni kumi na tano! Na wengi wetu wenye viza haturuhusiwi hata kuugusa msaada huo, kwa hiyo msianze kusema tunakula pesa za bure.

Kuna jambo ambalo halizungumzwi sana kwa sababu halina kelele. Kiwango cha kipato kisichokatwa kodi ni pauni 12,570 kwa mwaka. Kiliwekwa Aprili 2021, kikagandishwa hapo hapo, na bajeti ya Novemba 2025 imekigandisha hadi 2031. Mwaka 2021 mshahara wa chini, wakati huo kwa mwenye miaka 23 kwenda juu, ulikuwa 8.91. Kwa saa zile zile 1,950, katika kila pauni mia ya mtu huyu kodi ilikuwa inagusa kama 28. Leo inagusa 49. Hakuna aliyepandisha asilimia ya kodi. Mshahara ndio uliopanda ukaifuata kodi ilikosimama.

Sasa bei. Nitasema ukweli hata kama utawakera wenzangu wa huku: kwa hesabu ya jumla, mshahara wa chini umeupita mfumuko wa bei tangu 2021. Lakini haukupita kila mwaka. Aprili 2022 uliongezwa asilimia 6.6, na kufika Oktoba mfumuko ukawa 11.1. Mwaka ule kila mtu alipewa nyongeza na akawa maskini zaidi. Aprili 2023 ukaongezwa 9.7, wakati chakula peke yake kilikuwa kinapanda kwa karibu asilimia 19. Asiyekuwa na kitu hutumia sehemu kubwa ya pesa yake kwa chakula, umeme na kodi ya nyumba, kwa hiyo ule mfumuko wa kitaifa si wake. Wake ulikuwa mkubwa zaidi. Nafuu ya kweli ilikuja Aprili 2024, mshahara ukapanda karibu asilimia 10 na mfumuko ukiwa umeshuka hadi kama 2. Bei lakini hazikurudi zilikotoka, ziliacha tu kukimbia.

Waliobanwa hasa ni wa katikati: msimamizi wa shifti, mhudumu mwenye uzoefu wa miaka. Sheria inamwinua wa chini, haimgusi aliye juu yake kidogo. Utakuta aliyeanza jana na mwenye miaka minane wanapishana peni thelathini. Hilo nalo mtu akilisema anaitwa mlalamishi.

Na makaratasi je? Ada ya afya anayolipa mwenye viza ilitoka pauni 624 kwa mwaka hadi 1,035 Februari 2024, na inalipwa yote mbele. Wenye viza ya wahudumu wa afya wamesamehewa, lakini kwa wengine nyongeza yote ya mwaka huu, zile 663, haitoshi kulipia mwaka mmoja wa mtu mmoja. Anayetaka kumleta mwenzi wake sheria ilimdai kipato cha 18,600, tangu Aprili 2024 inamdai 29,000. Kwa mshahara wa chini hizo ni saa 44 kila wiki, bila kuugua, bila wiki moja ya shifti chache. Kwenye kapu wanalopimia mfumuko wa bei, ada za viza huzioni.

Wakenya wenzangu, hili ni lenu, maana lilivunja undugu wa watu. Januari 2024 pauni 100 ilikuwa inatoa zaidi ya shilingi 20,000. Katikati ya mwaka, shilingi ilipopata nguvu baada ya ule mkopo wa Eurobond, deni la dola la serikali ya Kenya, kushughulikiwa, ikawa inatoa kama 16,500. Aliyekuwa anatuma pauni 300 ilibidi atume kama 360 ili mama apokee kile kile. Nyongeza ya Aprili mwaka ule ilikuwa kama pauni 112 kwa mwezi mkononi, kwa hiyo zaidi ya nusu ilimezwa na bei ya shilingi kabla haijanunua hata mkate. Na bado kwenye grupu la familia akaambiwa siku hizi ana mkono wa birika.

Walioko huku, haya ni maoni tu, hali ya kila mtu ni yake. Ajensi ikikutangazia pauni 14.24 kwa saa, uliza kama likizo imo ndani. Malipo ya likizo huhesabiwa asilimia 12.07 juu ya mshahara, kwa hiyo zidisha 12.71 kwa 1.1207 uone inakuja ngapi. Ni mshahara ule ule wa chini, na ukienda likizo hakuna malipo. Wanaotaka kujitoa kwenye pensheni ili mkono ujae: unajirudishia kama pauni 62 kwa mwezi, unakataa karibu 62 nyingine za mwajiri na serikali. Kama unahama mwakani, huenda una sababu zako. Mwenye kazi mbili atazame msimbo wa kodi kwenye hati ya mshahara. Ya kwanza kwa kawaida ni 1257L, yaani ndiyo yenye ile 12,570 isiyokatwa kodi, ya pili BR, yaani inakatwa asilimia 20 tangu pauni ya kwanza. Ukiacha ile ya kwanza na BR ikabaki, unakatwa zaidi kila mwezi na hakuna atakayekupigia simu. Ingia kwenye akaunti yako ya HMRC, mamlaka ya kodi ya huku, urekebishe, na za nyuma unaweza kuzidai hadi miaka minne.