Anza na "Ila"

Habari za jioni. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni.

Nianze na salamu, maana ndiyo mada yenyewe. Sisi tukiulizwa hali, kwanza tunasema njema, ndipo inafuata "ila". "Sijambo, ila huu mguu." Daktari wa hapa Uingereza akisikia njema, anaandika njema. Ile "ila" unatoka nayo hadi kituo cha basi.

Zamani ukitoka kliniki ulipewa tarehe: rudi baada ya miezi sita. Siku hizi unaweza kuambiwa tarehe hupewi. Ukiona hali imebadilika, piga simu, utatafutiwa nafasi. Mwaka 2022 NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, ilizitaka hospitali za England zihamishie kwenye utaratibu huu wa kupiga simu asilimia 5 ya mahudhurio ya kliniki ifikapo Machi 2023. Foleni zimechangia, nisiwafiche.

Lakini jambo lenyewe lilijaribiwa zamani katika mji wa Bristol, kwa wagonjwa wa baridi yabisi. Kundi moja lilipangiwa tarehe kama kawaida, jingine likapiga simu kwa wauguzi lilipohitaji. Matokeo ya miaka 6 yalichapishwa 2005: waliojipangia walikwenda hospitali mara chache zaidi, pungufu ya asilimia 38, na afya zao hazikuwa mbaya kuliko za wenzao.

Mwenye baridi yabisi hashangai. Tarehe inakukuta siku umeamka vizuri. Unapanda mabasi mawili, daktari anakubonyeza vifundo, anasema uko safi. Wiki 3 baadaye kikombe cha chai kinakushinda kushika, na tarehe yako ni Novemba.

Sasa upande wa pili. Nimewahi kupokea simu hizo nikiwa muuguzi. Mama mmoja wa kwetu alikaa wiki tano na magoti yamevimba. Barua yenye namba yetu alikuwa ameibandika kwenye friji kwa sumaku, kila akitoa maziwa anaiona. Nikamuuliza, mama, mbona hukupiga? "Mwanangu, daktari ana watu wengi. Sikutaka kumsumbua."

Simlaumu. Barua ilisema "ukihitaji". Mama wa watu maisha yake yote hajawahi kukiri kuhitaji kitu! Barua ingesema: asubuhi vidole vikikaza hata vifungo vya nguo havifungiki, piga leo. Hapo angepiga.

Kwa hiyo msitoke kliniki na neno "ukihitaji" peke yake. Muulizeni muuguzi: kwa ugonjwa wangu mimi, dalili gani? Aziandike. Ruhusa hii ya kupiga simu inakwisha lini? Mara nyingi ina ukomo, na ukipita unarudi kuanzia kwa daktari wa mtaa. Mkalimani wa Kiswahili ombeni, ni bure. Msimbebeshe mjukuu kazi hiyo. Wanaomeza methotrexate, ile dawa ya baridi yabisi, vipimo vya damu viko palepale hata kama tarehe ya daktari haipo. Na si lazima kukubali utaratibu huu. Mwenye mzee anayesahau-sahau amwambie daktari waziwazi: huyu mpeni tarehe.

Kabla ya maswali, tufanye zoezi dogo. Mimi ni muuguzi, simu imeita. Bibi, wewe mwenye kanga ya kijani, ndiye unayepiga, na magoti yamevimba. Haya: "Hujambo mama, unaendeleaje?"

(Bibi: "Sijambo, mwanangu." Ukumbi mzima unacheka.)

Tunarudia, bibi. Safari hii anza na "ila".