Mkaa Unaobaki Ndani ya Jiwe

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kufika.

Kiviõli, kaskazini mashariki mwa Estonia, watu huteleza kwenye theluji juu ya kilima kilichotokana na mabaki ya mwamba wa mafuta. Mwamba huo ukipashwa moto hadi nyuzi 500 hivi bila hewa, mafuta hutoka, gesi hutoka, ila sehemu ya kaboni hung'ang'ania jiwe ikawa mkaa. Kuutupa mkaa huo ni kutupa nishati, tena yenye sumu, maana mvua huondoka na fenoli zake, yaani kemikali zenye sumu.

Wapo wanaouchoma ili kupasha mwamba mpya, na ni kazi nzuri. Mimi natetea kuugeuza gesi kwa mvuke, kwa sababu hidrojeni inayopatikana inaweza kusafisha mafuta yaleyale yaliyotoka kwenye jiwe.

Tanuri linalofaa tunalo tangu zamani. Mwaka 1926, kule Leuna, Ujerumani, tanuri la Fritz Winkler lilianza kugeuza makaa ya mawe ya kahawia kuwa gesi. Mvuke na oksijeni hupulizwa kutoka chini, punje zinanyanyuka na kutokota kama uji, na joto linakuwa sawa kila upande.

Hapo kwenye joto naomba tutulie. Mwamba wa Estonia umejaa mawe ya chokaa. Kaboni ikikutana na mvuke na kugeuka gesi hula joto la kilojuli 131 kwa kila moli, kipimo cha kiasi cha kemikali. Mawe ya chokaa yakivunjika kuwa chokaa na kaboni dioksidi hula 178. Yaani moto uliouwasha kwa ajili ya mkaa unaliwa na jiwe! Ukipunguza joto chini ya nyuzi 700, mkaa unajivuta mno kugeuka gesi. Ukilipandisha ovyo, jivu linayeyuka, linanata, tanuri linaziba. Ndiyo maana nasisitiza punje zinazotokota: tanuri la kawaida lina sehemu za moto mkali na sehemu zilizopoa, na huwezi kuliamuru.

Hata hivyo jiwe nalo hulipa. Kaboni dioksidi inayotoka kwenye mawe ya chokaa hushambulia mkaa na kuwa monoksidi ya kaboni, gesi inayowaka. Chokaa iliyobaki hunasa salfa, ikawa salfaidi ya kalsiamu. Hiyo msiitupe hivyohivyo, kwani ikilowa hutoa ile gesi ya mayai viza, ambayo huua. Ipitisheni kwanza kwenye hewa ya moto igeuke salfeti, na gharama ya hatua hiyo iwekwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.