Majivu na Majivu

Shikamooni wazee, mafundi, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuacha vibarua na kuja hapa Isevya, Tabora.

Fundi mmoja kaniuliza pale mlangoni: kichomea taka cha hospitali kinatoa majivu kila wiki, kwa nini tusiyafyatulie tofali na saruji ilivyo ghali? Nikimjibu huyo, nimemaliza kazi yangu.

Japani wanayatumia. Mwaka 2001, kule Ichihara, walifungua kiwanda cha saruji ambayo karibu nusu ya malighafi yake ni majivu ya taka za mjini. Ila wao wanayachoma upya kwenye tanuru la nyuzijoto 1,350 au zaidi. Hawayakorogi na mchanga kwa koleo.

Sasa tazameni chupa hii. Ndani ni maji ya saruji na kipande cha sufuria kuukuu ya alumini nilichokikwangua. Mnaona mapovu? Hiyo ni gesi ya haidrojeni. Majivu ya taka yana alumini tele: makopo, vifuniko, karatasi za vidonge. Ukiyafyatulia tofali, mapovu haya yanazaliwa ndani wakati saruji inashika. Tofali linavimba, linachanika. (Naona kuna mtu anacheka huko nyuma. Ulilaumu mchanga, siyo?)

Na hilo lililopasuka afadhali, unaliona. Risasi na kadimiamu, metali zenye sumu, huzioni. Kule Byker, Newcastle, Uingereza, miaka ya 1990 majivu ya tanuru la taka yalimwagwa kwenye vijia vya bustani za mboga. Yalichanganywa na yale laini yanayonaswa kwenye moshi, ambayo ndiyo yenye sumu kali. Yalipopimwa yakakutwa na sumu iitwayo dayoksini, na watu wakaambiwa wasile mayai ya kuku wa pale.

Kwa hiyo ya hospitali, fundi wangu, yaache shimoni mwake. Ya kwenye mabani ya kukaushia tumbaku nayo hayatakusaidia, jivu la kuni halina silika ya kutosha, ile inayosaidia saruji kushika.

Pumba za mpunga ndiyo habari nyingine. Mashine za Igunga na Nzega zinazirundika tu. Zikiungua taratibu, chini ya nyuzi 700, jivu lake karibu asilimia 90 ni silika, nayo hushikana na chokaa inayotoka kwenye saruji. Lisagwe hadi liwe kama unga wa sembe. Penye ndoo kumi za saruji, weka tisa na moja ya jivu.

Nimekuja na debe moja, limeshasagwa. Tufyatue kumi sasa hivi, tuyamwagilie, tuyavunje siku ya 28 tuone nguvu yake. Nani ana kalibu?