Rimu Kubwa na Tinti: Mazungumzo na Wenye Gari la Kwanza

Wadogo zangu, hamjambo. Asanteni kwa kuacha shughuli za Jumamosi mkaja kukaa kwenye mabenchi haya ya gereji.

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Kaka, Toyota IST yangu imetoka bandarini, nianze na rimu au nianze na tinti?" Nitajibu yote mawili, ila nitakaa zaidi kwenye rimu, maana huko ndiko pesa nyingi inakopotea na watu wanakoumia.

Kutaka gari lipendeze si kosa. Mtu aliyejinyima miaka mitatu mpaka akanunua gari ana haki ya kulitazama kila asubuhi akafurahi. Ninawaomba kitu kimoja tu: jicho lichague rangi na umbo, ukubwa uchaguliwe na namba.

Namba zenyewe ziko ubavuni mwa tairi. Tuchukue IST ya kwanza, ile ya 2002 hadi 2007, maana nje hapo naziona nne. Imeandikwa 185/65R15. Hiyo 185 ni upana wa tairi kwa milimita. Hiyo 65 ni asilimia: kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya ule upana, yaani milimita 120. Na 15 ni inchi za rimu, yaani milimita 381. Chukua rimu, ongeza ubavu wa juu na wa chini, unapata kipenyo cha milimita 621. Iandikeni hiyo 621. Spidi mita, gia, breki na nafasi iliyoachwa ndani ya madigadi, vyote vilipangwa kwa kipenyo hicho.

Basi rimu ikikua, ubavu lazima upungue. Ukitaka inchi 16, tafuta 195/55R16; inakurudisha palepale kwenye 621. Ukitaka 17, tairi la 205/45R17 linakupa 616, hesabu bado inakaa. Lakini tazameni kilicholiwa: ubavu umetoka milimita 120 umebaki 92. Zile 28 zilizoondoka ndizo zilikuwa mto kati ya rimu na shimo.

Mwaka wangu wa kwanza na gari nilifunga 17. Zilikuwa nzuri, sisemi uongo. Ikafika Aprili, masika, usiku, Barabara ya Morogoro. Shimo limejaa maji, huwezi kujua kina chake. Nilisikia chuma kikigonga lami. Kesho yake tairi lilikuwa na nundu ubavuni, na rimu imepinda ukingo wa ndani, ambako huoni mpaka ulale chini ya gari. Nundu ile maana yake nyuzi za ndani zimekatika. Tairi la namna hiyo halizibwi, linatupwa. Fundi mmoja akataka kuinyoosha rimu kwa moto na nyundo. Nilikataa, na ninyi mkatae: aloi, ile metali nyepesi ya rimu, ikichomwa hovyo inapoteza nguvu yake, na haitakuambia siku ya kupasuka.

Wengine wanakosea upande wa pili. Wanafunga 205/60R16 ili gari lisimame juu. Kipenyo kinafika 652, ongezeko la asilimia 5. Spidi mita inasema 80, wewe unakwenda 84. Ukibeba abiria nyuma ukakata kona, tairi linasaga madigadi.

Halafu kuna namba ambayo karibu hakuna anayeisoma. Baada ya ukubwa utaona 88 au 84. Hiyo ni uwezo wa kubeba. 88 ni kilo 560 kwa tairi moja, 84 ni kilo 500. Ukishuka kutoka 88 hadi 84, matairi manne yamepunguza kilo 240. Hao ni watu wazima watatu. Na zile tarakimu nne za mwisho kwenye maandishi ya ubavuni yanayoanza na herufi DOT ndizo umri wa tairi: 1417 ni wiki ya 14 ya mwaka 2017. Muuzaji akikuambia ni jipya, chutama usome.

Rimu yenyewe ikae sawasawa. IST hiyo ina nati nne, duara linalopita kwenye nati hizo lina kipenyo cha milimita 100, na tundu la katikati ni milimita 54.1. Rimu nyingi za dukani zina tundu kubwa zaidi, basi dai bangili za kuziba ile nafasi. Bila hizo usukani unaweza kutetemeka ukikolea mwendo, ukaanza kubadilisha vitu visivyo na kosa. Mimi kwa barabara zetu naishia 16.

Sasa tinti, ile filamu inayobandikwa kwenye vioo. Sheria ya Japani inataka vioo vya milango ya mbele vipitishe mwanga asilimia 70 au zaidi. Ndiyo maana magari yenu yanafika mbele kweupe, nyuma kweusi. Mkumbuke asilimia zinazidishana. Kioo kinachopitisha 80, ukikibandika filamu inayopitisha 35, kinabaki na 28. Na vioo vya pembeni, vile vya kutazamia nyuma, unavitazama kupitia kioo cha mlango huohuo. Usiku, mtaa hauna taa, bodaboda inakuja bila taa: hiyo 28 ndiyo yote uliyo nayo kabla ya kukata kulia.

Mtaniambia jua linaunguza. Kweli, na mkono wa kulia wa dereva ndio unaochomwa. Lakini weusi si ubaridi. Karibu nusu ya nguvu ya jua huja kwa mionzi ya joto ambayo jicho halioni. Filamu nzuri ya kauri huzuia sehemu kubwa ya mionzi hiyo huku kioo kikibaki cheupe. Ya rangi tupu, ya bei rahisi, huweka giza, na baada ya muda inageuka zambarau. Ya metali huweza kusumbua mawimbi ya simu. Muulizeni muuzaji inazuia joto kiasi gani, kisha piteni kwa askari wa usalama barabarani muulize kiwango kinachokubaliwa kabla ya kulipa.

Na mkibandua tinti ya zamani kioo cha nyuma, wembe usiguse ile mistari myembamba. Ndiyo inayokausha ukungu wakati wa mvua, na mstari ukikatika, sehemu yake haikaushi tena.

Haya, tusimalizie humu ndani. Nje kuna magari tisa. Kila mmoja aende kwenye tairi lake la mbele kushoto, achutame, anisomee namba kwa sauti. Tunaanza na lile jeupe karibu na geti.